Siku Tatu za Bi Mwaka

Ofisini, Chake Chake,
meza ina rundo lake,
na rundo na wana wake,
hata kiti chaumia.

Majalada ya viwanja
kombamwiko wameonja,
mchwa njia wamechanja,
kwa zamu wakipitia.

Kalenda za myaka saba,
peni kavu kama mwiba,
kopo la gundi, si haba,
feni lililojifia.

Wenzangu wakinicheka
hujibu, "Kitatumika."
Na siku haijafika
ya kopo kutumikia.

Bi Mwaka toka Kojani
kavuka gizagizani,
risiti i mkobani,
hati kuifuatia.

Nikafungua kabati,
zikashuka, kama mti,
karatasi, siyo hati,
nami zikanifukia.

Saa mbili nikasaka
jina lake, "Mwaka, Mwaka";
nikapata kila mwaka
ila aliyenijia.

"Tafadhali, Jumatatu."
Akaja. Hakuna kitu.
Akaja siku ya tatu
na mvua imemwingia.

Hakufoka, hakununa;
alikaa, akaguna,
kanga yake akabana,
feni akiangalia.

Nauli, boti na gari,
na jembe likisubiri,
alitaja kwa uzuri
bila kunihamakia.

Kwangu kule Tibirinzi
mabaki ya kila enzi:
vikapu, fito za mwanzi
na zulia kwa zulia.

Rimoti nane naweka,
runinga ishavunjika;
funguo zilizochoka
milango kutafutia.

Asubuhi ni vishindo:
Faki hupindua rundo,
apata kiatu, nyundo,
akiisaka kofia.

Siku moja nikapima
dakika za kuinama,
kupekua na kuhema;
sitini zikatimia.

Saa moja kila siku!
Ningefuga hata kuku,
ningesoma kwa shauku,
au hata kutulia.

Jumamosi nikakaza.
Faki akaniuliza,
"Mize, redio wauza?"
Nami nikaitikia.

Cha kumpa mtu, uani;
cha kutupwa, mlangoni;
cha kubaki, kabatini:
kidogo kikaingia.

Khatibu akaja mbio,
akaitwaa redio;
mchana, kwa masikio
yangu, nikaisikia.

Kadi ya harusi yao
Shaame na mke, ambao
wameachana, na leo
wana zao familia.

Mbuzi ya mama, ya nazi,
jino limekwisha kazi,
nikaishika, machozi…
hiyo nikaikalia.

Alasiri, jasho, kasi,
mvunguni, penye pasi
mbovu, navuta upesi
kapu lililosinzia.

Jalada lile, kijani,
nililolileta ndani
mwaka jana Ramadhani
nipate kulipitia.

"Mwaka, binti wa Makame."
Nikaomba nisisome.
Niseme nini, niseme?
Haya ikanivamia.

Kosa silo la ofisi,
wala mchwa, si mikosi;
mkono huu mwepesi
ndio uliofukia.

Jumapili, peke yangu,
ofisini, chumba changu,
nikapakia machungu,
gunia, tena gunia.

Jumatatu, na mapema,
meza yangu tupu, nzima,
Bi Mwaka akasimama,
kweli nikamuambia.

Akaipangusa hati
na kanga, bila sauti,
akauliza, "Kabati
lako umelipitia

kila rafu, kila kitu?
Basi zangu siku tatu
za kuvuka toka kwetu
humo hazikubakia?"